Mshahara wa Posta, Riziki ya Kariakoo: Uchumi na Maamuzi ya Kaya katika Kitovu cha Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Kutoka Posta hadi Kariakoo ni mwendo usiofika nusu saa kwa miguu. Mtu hutoka penye maofisi ya Serikali, mabenki na makao ya mashirika, akakata viwanja vya Mnazi Mmoja, na punde akawa amezungukwa na wauza nguo, vyombo na viungo. Uwanja huo uliachwa wazi kwa makusudi na watawala wa kikoloni, ili uutenge mji wa Waafrika na ule wa Wahindi na Wazungu. Na jina lenyewe la Kariakoo ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, kilichopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwa anayechunguza maisha ya kaya, hata hivyo, mpaka uliopo hapo ni wa namna nyingine. Upande wa Posta kuna fedha ijayo mara moja kwa mwezi, yenye hati na yenye jina la mtu mmoja. Upande wa Kariakoo kuna fedha ijayo kila siku, isiyo na hati, ambayo aghalabu haiandikwi kwa jina la yeyote.

Makala haya yanajadili kilichotokea katika kaya za jiji hili pale fedha ya kwanza iliposhindwa kulisha watu na ya pili ikashika nafasi yake. Hoja inayojengwa ni kwamba mabadiliko hayo hayakugusa kiasi cha fedha peke yake. Yaligusa pia wakati wa fedha kuingia nyumbani na mikono inayoipokea, na kwa njia hiyo yakahamisha sehemu kubwa ya mamlaka ya kuamua. Lugha haikuhama kwa kasi hiyo. Iliendelea kumtaja mwenye mamlaka kwa jina la zamani, na mapato mapya ikayapa majina ya kuyadogosha. Pengo hilo kati ya tendo na jina lina gharama yake, na mlipaji wa gharama hiyo hujulikana siku ndoa inapovunjika au mzazi anapofariki.

Neno "kaya" linatumika hapa kwa maana ya sensa, yaani watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Maana hiyo yafaa kuliko "nyumba", kwani nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, huwa na kaya kadhaa: kila chumba na mpangaji wake, na huko uani kila mama na jiko lake la mkaa.

2.0 Mlishaji katika dini, sera na sheria

Imani kwamba mume ndiye mlishaji ina mizizi mirefu katika mji huu. Sheria ya Kiislamu, ambayo ndiyo iliyowaongoza wengi wa wakazi wa Kariakoo katika mambo ya ndoa, inamwajibisha mume kumpa mkewe chakula, mavazi na makazi. Neno la Kiarabu la masurufu hayo, nafaqa, liliingia katika Kiswahili kwa umbo la "nafaka", na huku likaishia kuwa jina la mahindi, mpunga na mtama. Mabadiliko hayo ya maana si ya kushangaza, kwa kuwa masurufu yenyewe yalikuwa ndiyo chakula. Lakini upande wa pili wa sheria hiyo haujadiliwi mara nyingi inavyostahili: mali ya mke ni yake. Halazimiki kuitoa kwa ajili ya nyumba, hata awe tajiri kuliko mumewe. Ndoa ya pwani, kwa hiyo, ilikuwa na mifuko miwili tangu mwanzo.

Sera ya ujira ilikuja na picha nyingine. Mshahara wa kikoloni ulikadiriwa kwa mahitaji ya mwanamume mseja, ambaye mkewe na wanawe walidhaniwa kubaki shamba. Ni baada ya uhuru, hasa kima cha chini kilipofikishwa shilingi 150 kwa mwezi jijini Dar es Salaam mwaka 1963, ndipo mfanyakazi alipoanza kuhesabiwa kuwa mtu mwenye kaya mjini. Nalo Azimio la Arusha la mwaka 1967, lilipomkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au kupangisha nyumba, lilifafanua kwamba kiongozi ni mtu pamoja na mkewe, au mwanamke pamoja na mumewe. Kisiasa sharti hilo lilikuwa na mantiki, maana lilimzuia mume kuficha mali mikononi mwa mke. Hata hivyo lilichukulia kwamba mume na mke wana mfuko mmoja, jambo ambalo desturi ya pwani haikulijua.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilisimama katikati ya picha hizo mbili. Ilithibitisha wajibu wa mume wa kumtunza mke, ikampa mke haki ya kumiliki mali yake mwenyewe, na katika kifungu cha 114 ikaagiza mahakama, inapogawa mali ya wanandoa waliotalikiana, izingatie mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, wa mali au wa kazi. Neno hilo "mchango" litarejewa.

Isidhaniwe kwamba kabla ya miaka ya sabini wanawake wa Kariakoo walikaa wakingojea. Susan Geiger, katika kitabu chake TANU Women (1997), ameeleza jinsi wanawake walioieneza TANU jijini katika miaka ya hamsini walivyokuwa wakiuza maandazi na pombe na kupangisha vyumba; uhuru wao wa kutembea mikutanoni ulitokana kwa kiasi na fedha hiyo. Neno la mzaha la siku hizi, "golikipa", yaani mke akaaye nyumbani kudaka kinacholetwa, linaeleza hali ambayo katika mitaa hii haikupata kuwa ya wote.

3.0 Kuporomoka kwa mshahara

Sababu za msukosuko wa uchumi wa Tanzania zinajulikana na hazihitaji kurudiwa kwa kirefu: ukame wa 1973 na 1974, kupanda kwa bei ya mafuta, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, vita dhidi ya Idi Amin mwaka 1978 na 1979, pamoja na sera za ndani zilizodhoofisha kilimo cha mazao ya biashara na usambazaji wa bidhaa. Operesheni Maduka ya mwaka 1976 ilifunga maduka mengi ya watu binafsi kabla maduka ya ushirika hayajaweza kuyabeba majukumu yake. Matokeo yake kwa mpokea mshahara yamepimwa na Aili Mari Tripp, aliyefanya utafiti Dar es Salaam mwaka 1987 na 1988 na kuuchapisha katika kitabu Changing the Rules (1997). Thamani halisi ya mshahara ilishuka kwa asilimia 83 kati ya 1974 na 1988, na mwishoni mwa kipindi hicho takriban asilimia 90 ya mapato ya fedha ya kaya za mjini yalitoka katika shughuli zisizo rasmi.

Takwimu hizo mbili zikisomwa pamoja, zinaeleza kwamba karani wa Posta aliendelea kwenda kazini kila asubuhi huku nyumbani kwake kukiendeshwa na kitu kingine.

Msamiati wa miaka hiyo unaonyesha jinsi uhaba ulivyoingia mezani. "Foleni" na "kulangua" vikawa vitendo vya kila siku. Unga wa mahindi ya njano uliotoka ng'ambo uliitwa "unga wa Yanga", kwa rangi ya klabu ya mpira yenye makao yake papo hapo Kariakoo, na kuruka mlo wa mchana kukaitwa "kupiga pasi ndefu". (Uwanja wa mpira umeipa njaa na ndoa ya Dar es Salaam istilahi nyingi kuliko ilivyotambuliwa, "golikipa" ni ndugu wa maneno haya.) Jiji lenyewe likapata jina la "Bongo", kwa maana kwamba haliishiki ila kwa kutumia ubongo.

Serikali ilichelewa kukubali kwamba biashara hizo ndogo ndizo zilizokuwa zikiwalisha watumishi wake. Mwaka 1983 ulikuwa wa vita dhidi ya wahujumu uchumi, vilivyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, na pia wa Sheria ya Nguvu Kazi, ambayo utekelezaji wake uliwahesabu wachuuzi wengi kuwa wazururaji wa kurudishwa vijijini. Mwaka 1984 milango ilianza kulegezwa kwa wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na nguo za mitumba zikarudi sokoni. Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeingia madarakani mwaka 1985, alipewa jina la Mzee Ruksa. Mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa ulitiwa saini mwaka 1986; dola moja ya Marekani, iliyokuwa takriban shilingi 17 mwaka 1985, ilizidi shilingi 190 mwaka 1990. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likaondoa masharti ya mwaka 1967. Hapo viongozi nao walipata idhini ya kufanya yale ambayo wake wa makarani walikuwa wakiyafanya uani kwa zaidi ya miaka kumi.

4.0 Mradi, mtaji na fedha ya siku

Neno lililobeba badiliko hili ni "mradi". Katika lugha ya mipango ya taifa, mradi ulikuwa kiwanda, bwawa au shamba la Serikali. Katika miaka ya themanini neno hilo lilishuka hadi jikoni: mradi wa vitumbua, mradi wa barafu, mradi wa kuku. Mara nyingi lilitiwa kiambishi cha kudunisha likawa "kamradi", kama ambavyo shughuli zote za aina hiyo ziliitwa "biashara ndogondogo" na faida yake "vijisenti". Udogo huo wa kisarufi haukulingana na uzito wa kitu chenyewe. Mke aliyesema ana kamradi kake huenda ndiye aliyekuwa akilipa chakula cha siku ishirini na tano katika mwezi wenye siku thelathini. Kudogosha kulikuwa na faida pia, na ni lazima hilo lisemwe: kamradi hakakuvuta macho ya mtoza ushuru, wala ya mawifi, wala ya mume.

Fedha ya siku ina nidhamu yake, ambayo ni tofauti kabisa na ile ya mshahara. Mpokea mshahara huamua mara moja, mwisho wa mwezi. Mama ntilie huamua kila jioni. Akiwa amemaliza kuuza wali na maharage kwa wapagazi na wauza duka, fedha iliyo mkononi mwake ni ya aina mbili zisizo na alama ya kuzitofautisha: ile ya kununulia mchele wa kesho, na ile aliyoipata zaidi. Akiitoa ya kwanza kwa dawa ya mtoto, basi "amekula mtaji", na kesho hapiki. Zaidi ya hayo, chungu cha biashara na chungu cha nyumbani mara nyingi ni kimoja. Wanawe hula kilichobaki, na wakati mwingine huwa hakuna faida ya kuhesabu kwa sababu imekwisha kuliwa ikiwa chakula. Mtafiti akimwuliza anapata kiasi gani kwa siku, hujibu kwamba hapati kitu, ni ya kula tu. Jibu hilo ni la kweli, na ndilo linalomfuta katika hesabu za wengine.

Ununuzi nao umegeuka kufuata mwendo wa mapato. Mafuta hununuliwa kwa kipimo, nyanya kwa fungu, mkaa kwa kopo. Bei ya jumla ingekuwa nafuu zaidi, lakini unafuu huo ni wa mwenye fedha ya mwezi mzima. Kaya ya fedha ya siku hulipa zaidi kwa kila kijiko, na mlipaji ni yule anayekwenda gengeni jioni.

Katika mazingira haya upatu, au "mchezo" kama unavyoitwa mitaani, si njia ya kuweka akiba tu. Wanachama humpa kijumbe kiasi walichokubaliana, na kila mmoja hupokea fungu lote kwa zamu. Kiuchumi upatu hauongezi hata senti. Kazi yake halisi ni kuitoa fedha nyumbani kabla haijaombwa. "Nina mchezo kesho" ni sababu inayokubalika ya kumnyima mume, shemeji au mgeni kutoka kijijini bila kuvunja adabu. Deni kwa wenzake wa mtaani humlinda mwanamke dhidi ya madai ya jamaa zake. Ndiyo maana upatu umeendelea kuwapo pembeni ya vikundi vya VICOBA na fedha za simu, ambazo kwa hesabu za kibenki zingepaswa kuwa zimeumaliza. Kwa wenye kufanya biashara kubwa kidogo kuna "mali kauli": mwenye duka Kariakoo hutoa bidhaa kwa neno la mdomo, alipwe zikiisha. Hapa dhamana ni sifa ya mtu, na ugomvi wa ndoa ukisikika hadi dukani waweza kuufunga mkopo.

Mama akitoka kwenda sokoni, kazi yake ya nyumbani haiondoki naye. Huchukuliwa na binti mkubwa, au na msichana wa kazi aliyeletwa kutoka mikoa ya bara kama Iringa, Dodoma au Singida. Gharama ya kuhamisha maamuzi katika kaya moja imelipwa kwa kiasi na kaya nyingine iliyo mbali, iliyomtoa mtoto wake. Eneo hili la uchunguzi linastahili makala yake.

5.0 Saruji na mchuzi

Mapato ya mke yalipokua, kaya nyingi zilizoea mgawanyo wa malipo usiotamkwa. Mume alibaki na yale makubwa yajayo kwa vipindi: kodi ya pango, karo, kiwanja cha Mbagala au Tabata, matofali. Mke alichukua ya kila siku: chakula, sabuni, mafuta ya taa, nauli ya watoto. Mgawanyo huo waweza kuonekana wa haki, na pengine kwa kiasi cha fedha ni wa haki. Tofauti iko katika kinachobaki. Saruji ina risiti, na risiti ina jina. Mchuzi hauna risiti.

Hapo ndipo neno "mchango" linaporejea. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, lililoamuliwa mwaka 1983, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa. Uamuzi huo ulikuwa mkubwa, na hutajwa hadi leo. Lakini wasomaji wengi husahau mwisho wake. Mrufani hakupata sehemu ya nyumba aliyoidai, kwa kuwa mumewe alikuwa amekwisha kumpa fedha za kuanzishia biashara ya familia, naye akaonekana kuzitapanya. Kwa hiyo kazi ya jikoni ilitambuliwa kisheria katika shauri lile lile ambamo mtaji wa mke ulihesabiwa kuwa ndio sehemu yake iliyokwisha kuliwa. Shauri hili halisemi kwamba kila mtaji uliokwisha umetapanywa, na ukweli wa madai ya wawili hao ulikuwa wa mahakama kuupima. Linaonyesha tu jinsi ilivyo vigumu kwa mwenye mapato yasiyo na hati kuthibitisha yalikokwenda.

Katika ndoa ya Kiislamu ugumu huo una uchungu wa ziada. Mke ambaye dini imempa mfuko wake amekuwa akiumimina katika chungu cha wote, kwa hiari au kwa kukosa njia. Wajibu wa mume unabaki katika lugha, ulinzi wa mali ya mke unapotea katika vitendo. Mitaa nayo imelaumu upande mmoja kwa kejeli: asiyetoa matumizi ni "mwanaume suruali", anayelelewa na mwanamke ni "marioo". Maneno hayo humwaibisha mwanamume aliyeshindwa, lakini hayampi jina mwanamke aliyechukua nafasi. Neno "mpambanaji" la miaka ya karibuni linamsifu kwa kuhangaika; halimtaji kuwa ndiye mwenye uamuzi. Karani wa sensa anapobisha hodi na kuuliza mkuu wa kaya ni nani, mara nyingi mke mwenyewe hulitaja jina la mume.

Nguvu ya soko la ardhi imeliongezea suala hili uzito katika Kariakoo yenyewe. Nyumba za Kiswahili za vyumba sita zimekuwa zikibomolewa na kupisha maghorofa, na uwanja uliokuwa wa babu mmoja sasa ni wa warithi wengi. Kwa mgawo wa Kiislamu binti hupata nusu ya fungu la kaka yake, na mjane mwenye watoto hupata thumuni. Fedha ya mauzo hugawika kwa hesabu hiyo bila taabu. Kisichogawika ni matumizi ya nyumba yenyewe. Nyumba ya familia ilikuwa na chumba ambacho binti aliyeachika alirudi na wanawe, akaanza tena na karai la vitumbua barazani, hatua chache kutoka kwa wateja. Ikiuzwa, fungu lake humpeleka Chanika au Gongo la Mboto, na nauli ya kurudi sokoni humla mtaji. Ndugu wa kiume wanaotaka kuuza na dada wanaotaka kubaki huhesabiwa kuwa wanagombea bei, ilhali wanachogombea ni vitu viwili tofauti.

Kuna, hata hivyo, aina moja ya karatasi ambayo jina la mwanamke linapatikana kwa urahisi. Mikopo midogo ya riba kubwa, iliyobatizwa mitaani jina la "kausha damu", imewalenga zaidi wanawake wenye biashara ndogo, kwa sababu marejesho yake ya kila siku au ya kila juma yanaendana na fedha ya siku. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inawataka wakopeshaji wawe na leseni, na mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu za simu zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Mkopo huchukuliwa kwa jina la mama, hulipia karo, msiba au kodi ya wote, na marejesho yakishindikana vinavyobebwa ni makochi, runinga na jokofu lililokuwa likigandisha barafu ya mradi.